Baraza la Mbao na Kitambaa cha Nili: Mhadhara kuhusu Kuzuru Zhaoxing

Mabibi na mabwana, karibuni. Waswahili wengi wanaofika Guangzhou huishia madukani na kwenye maghala. Lakini tangu Desemba 2014 kuna treni ya mwendokasi kati ya Guangzhou na Guiyang, na njiani husimama stesheni ya Congjiang, mkoani Guizhou. Hapo pana mtego. Stesheni haiko katika mji wa Congjiang. Iko jirani na Zhaoxing, kilomita chache tu kwa basi dogo. Ukikodi chumba mjini kwa kufuata jina la stesheni, umepotea.

Zhaoxing ni kijiji cha Wadong, mojawapo ya makabila madogo 55 yanayotambuliwa na serikali ya China. Wenyewe hujiita Kam. Laleni hapo angalau siku mbili. Anayekuja asubuhi na kuondoka alasiri huona maonyesho, haoni kazi. Nyumba ya wageni itakuandikisha kwa pasipoti. Ukilala kwa mwenyeji wa kawaida, lazima wewe au yeye aripoti kituo cha polisi ndani ya saa 24. Fungua programu ya malipo ya simu ukiwa bado Guangzhou, na ubebe yuan taslimu kidogo kwa ajili ya bibi anayeuza mboga.

Kijiji kina minara 5 ya ngoma kwa kuwa kina koo 5. Kwa Kichina wote huandikwa kwa jina moja, Lu, ila kila ukoo una mnara wake. Mnara ule ni baraza hasa: mabenchi, shimo la moto katikati, wazee wakizungumza. Kwa kawaida nguzo kuu 4 hubeba kitovu na nguzo 12 huzunguka nje, na ulimi wa boriti huingia katika tundu la nguzo bila msumari. Ukikuta wazee wameketi, amkia kwanza, picha baadaye, na kwa ruhusa.

Ngoma ililia kwa hatari, na hatari kubwa ni moto. Nyumba ni za mbao na zimebanana. Mwezi Januari 2014 kijiji cha Wadong cha Baojing, wilayani Zhenyuan, kiliungua, zaidi ya nyumba 100. Kwa hiyo usivute sigara ghorofani, wala usirundike chaja na hita kwenye soketi moja.

Sasa kitambaa, maana hapa ndipo wageni wengi hupita haraka mno. Majani ya nili hulowekwa siku kadhaa, yanatolewa, maji yanatiwa chokaa na kukorogwa mpaka rangi izame chini kama uji mzito. Uji huo huingia pipani pamoja na maji ya majivu na pombe ya mchele. Pamba ikitoka pipani ni ya kijani. Upepo ukiipiga, inageuka buluu mbele ya macho yako. Huchovywa na kuanikwa tena na tena, kwa siku nyingi. Baridi ikizidi pipa hulala na rangi haishiki, ndiyo sababu wanawake hulinusa na kulionja kabla ya kuanza. Mwisho kitambaa hupakwa ute wa yai au gundi ya ngozi, kikakunjwa na kutwangwa juu ya jiwe kwa nyundo ya mbao hadi king'ae kama shaba. Mlio huo, tko tko tko, ndio utakaokuamsha.

Ukitaka kununua, sugua kona kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Nili ya kweli huacha doa la buluu. Isiyoacha kitu huenda ni rangi ya kiwandani. Kinachouzwa ghali kinastahili, ukihesabu siku zilizoingia humo. Usikifue kwa sabuni, mng'ao utakwisha. Kianike kivulini, na sandukuni kifunge peke yake, mbali na kanzu nyeupe.