Waamishi Wanavyopumzika: Ndege wa Holmes na Baiskeli za Pinecraft

BHOKE: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia namna Waamishi na Wamennonite wa kimapokeo wa Marekani wanavyotumia muda wao wa mapumziko. Kwa sisi wa mkoa wa Mara jina la Mennonite si geni, kwa kuwa wamisionari kutoka Lancaster, Pennsylvania, walifika Shirati mwaka 1934, na kanisa walilolianzisha lipo hadi leo. Lakini wale ndugu zao wanaosafiri kwa vigari vya farasi tunawajua kwa picha tu, na katika picha hizo karibu kila mara wako kazini. Mwalimu, je, watu hawa hucheza?

MWALIMU ODHIAMBO: Hucheza sana, dada Bhoke, na hucheza nje. Hawa ni warithi wa harakati ya Waanabaptisti, yaani Wakristo wanaobatiza watu wazima tu, iliyoanza Zürich, Uswisi, mwaka 1525, na Waamishi walijitenga na wenzao mwaka 1693 chini ya Jakob Ammann. Tangu zamani wamejihadhari na anasa, ila hawajawahi kuifanya furaha kuwa dhambi. Kabla ya kuukubali mchezo au chombo fulani, usharika hutazama kitamfanya mtu awe wapi na awe na nani. Mpira wa wavu unaochezwa uani na wavulana na wasichana, wazazi wakiwa kando, hauna tatizo. Ligi ya besiboli yenye sare, vikombe na safari za kila wiki ni jambo jingine, na huko Lancaster viongozi waliwahi kuwazuia washiriki waliobatizwa wasiingie katika ligi za namna hiyo.

BHOKE: Kumbe kinachokatazwa si mpira wenyewe, bali ni ule utaratibu wa mashindano unaomtoa mtu nyumbani na kumpa sifa za peke yake.

MWALIMU ODHIAMBO: Ndivyo ninavyoelewa. Tazama mchezo wao wa mpira wa pembe, unaochezwa Lancaster mwishoni mwa majira ya baridi wakati wa minada ya kuchangia vikosi vya zimamoto vya kujitolea. Theluji inayeyuka, ardhi yote ni tope, kwa hiyo hutandaza majani makavu na kupata uwanja mdogo wa mraba. Vijana wanne husimama kwenye pembe na wawili wa timu pinzani hukaa katikati. Wale wa pembeni hupasiana mpira mdogo mgumu wa ngozi kwa kasi, mikono mitupu, wakimvizia mtu wa katikati mpaka apoteze mwelekeo, kisha mmoja humrushia kwa nguvu zote. Aliyekulia kwenye rede anajua namna mwili unavyojikunja mpira ukija, isipokuwa huku wanaojikunja ni wanaume wazima, na watazamaji wamewazunguka wakiwa wamesimama topeni.

BHOKE: Nimefurahi umeanza na mchezo wenye vurugu kidogo, kwa sababu wengi huwadhania kuwa watu wa kunyamaza tu. Sasa tuingie kwenye jambo lililotufanya tuandae kipindi hiki, yaani ndege.

MWALIMU ODHIAMBO: Kaunti ya Holmes, jimboni Ohio, karibu nusu ya wakazi wake ni Waamishi, na miongoni mwao wamo watazamaji wa ndege hodari kuliko wengi walio na magari na kamera za bei kubwa. Sababu iko katika maisha yenyewe. Mtu anayelima kwa farasi au kwenda shuleni kwa miguu huwasikia ndege mchana kutwa, maana hakuna injini wala redio ya kuwafunika. Darubini haitumii umeme wala haimtengi mtu na wenzake, kwa hiyo imekubalika bila shida. Na sharika nyingi za Holmes zinaruhusu baiskeli, tofauti na Lancaster, ambako watu hutumia kigari cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mguu. Kijana wa Holmes huning'iniza darubini shingoni, akapanda baiskeli, na kabla ya kukamua ng'ombe wa jioni amekwisha kupita mabwawa na vichaka kadhaa.

BHOKE: Na habari za ndege adimu huwafikiaje wengine, ikiwa simu haziingii nyumbani?

MWALIMU ODHIAMBO: Katika sharika nyingi simu huwekwa kwenye kibanda kidogo nje, aghalabu kikitumiwa na kaya kadhaa, na ujumbe huachwa kwenye mashine ya kurekodi. Anayetaka kujua hutoka, husikiliza, kisha huwapitishia majirani. Mwezi Mei hukodi gari lenye dereva asiye Mwamishi, kwa kuwa kupanda gari la mtu mwingine kunaruhusiwa hata kama kulimiliki hakuruhusiwi, na huenda pamoja hadi Magee Marsh, kusini mwa Ziwa Erie. Ndege wadogo waimbaji wanaohamia kaskazini hutua hapo kupumzika na kula kabla ya kuvuka maji. Kuna njia ya mbao iliyojengwa kati ya miti, na ndege huwa karibu kiasi kwamba darubini wakati mwingine haihitajiki.

BHOKE: Mimi kilichonigusa zaidi ni nyumba za mbayuwayu wa zambarau. Katika mashariki ya Amerika Kaskazini ndege huyu hutaga karibu wote katika nyumba alizojengewa na binadamu. Kwenye mashamba mengi ya Waamishi utaona mlingoti mrefu mweupe wenye nyumba ya vyumba vingi juu yake, au vibuyu vilivyotobolewa mlango. Mlingoti una kamba na kapi, na mwenye nyumba huishusha taratibu, akafungua kila chumba, akahesabu mayai, akatoa viota vya shomoro wavamizi, kisha akaipandisha tena. Watoto hujifunza kuhesabu makinda hapo. Nadhani ukarimu huo unastahili kutajwa kwa heshima, kwa sababu mbayuwayu wangeachwa mwaka mmoja tu wasingekuwa na pa kulala.

MWALIMU ODHIAMBO: Wawindaji pia wapo, na hilo huwashangaza watu. Hukataa kabisa kuchukua silaha dhidi ya binadamu, lakini msimu wa paa ukifika huingia msituni kwa bunduki au upinde, wakivaa rangi ya chungwa inayong'aa kama sheria ya jimbo inavyotaka. Nyama hugandishwa au kuhifadhiwa kwenye chupa za kioo kwa ajili ya familia.

BHOKE: Hebu niulize kuhusu wanawake, maana mifano yetu imekuwa ya wanaume.

MWALIMU ODHIAMBO: Umeuliza vyema. Wanawake hukusanyika kushona mablanketi ya viraka, na mengi huuzwa katika minada ya kuchangia Kamati Kuu ya Mennonite, shirika la misaada lililoanzishwa mwaka 1920. Huzungumza, hucheka na kula pamoja, lakini mwishowe kazi imefanyika.

BHOKE: Basi niseme wazi kwamba hapo sioni usawa. Mapumziko ya mume ni kuendesha baiskeli akitazama ndege, na ya mke ni kushona. Wasichana hucheza mpira wa wavu na kuteleza barafuni mpaka wanapoolewa, kisha nafasi inapungua.

MWALIMU ODHIAMBO: Ninakubali, ingawa Pinecraft hali hubadilika kidogo. Ni mtaa mdogo wa Sarasota, Florida, ambako Waamishi na Wamennonite huenda wakati wa baridi kwa mabasi kutoka Ohio, Indiana na Pennsylvania. Basi likiingia, umati hukusanyika kuona nani ameshuka. Farasi hawapo, kwa hiyo wazee kwa vijana, wake kwa waume, hutembea kwa baiskeli za magurudumu matatu, na nyumba nyingi zina umeme ambao nyumbani kwao usingekubaliwa. Mchana husukuma visahani kwa fimbo ndefu juu ya sakafu ya saruji, huvua samaki kijitoni, au hupanda basi la mji hadi ufuko wa Siesta Key. Bibi aliyelea watoto kumi anaonekana pale akiendesha baiskeli yake kwa raha zake.

BHOKE: Hilo limenifariji. Na sasa kuna baiskeli za umeme.

MWALIMU ODHIAMBO: Zimeenea sana Holmes, nyingi zikichajiwa kwa jua. Mtazamaji wa ndege mwenye umri mkubwa anazishukuru, kwa sababu vilima vya kule ni vikali. Wanaozipinga wanasema umbali ukishakuwa mwepesi, baba atakuwa mbali na nyumba mara nyingi zaidi, na kundi la Swartzentruber, Waamishi wenye msimamo mkali kuliko wengi, haliruhusu hata baiskeli ya kawaida. Hakuna askofu mkuu wa kuamua kwa niaba ya wote. Kila usharika huketi mara mbili kwa mwaka, kabla ya meza ya Bwana ya masika na ya vuli, kupitia taratibu zake, na baiskeli hizo ni miongoni mwa mambo yanayojadiliwa hapo.