Mgonjwa wa Moyo Si Yai

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, baada ya sala ya alasiri

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja na jua hili. Nawaona waliokuja na wagonjwa wao wamewatafutia viti vya nyuma, karibu na mlango, ili wakizidiwa iwe wepesi kuwatoa. Mnawapenda, najua. Nimekuja kusema juu ya kumrudisha mgonjwa wa moyo kwenye harakati kwa yoga, yale mazoezi ya Kihindi ya kunyoosha viungo na kupumua. Lakini maneno yangu yote ya leo yamo kwenye viti vile.

Baba yangu alikuwa mchumaji wa karafuu. Hata alipopindukia miaka 55 akipanda mkarafuu mpaka kwenye vijiti vyembamba, vijana wakimtazama kwa chini. Moyo ulimshika siku moja yumo shambani. Alivushwa bahari, akazibuliwa mshipa, akawekewa stenti, kile kijibomba cha waya kinachouacha mshipa wazi. Alhamdulillahi, akarudi hai. Siku ya kuruhusiwa tuliambiwa neno moja tu: "Mzee apumzike." Basi tukampumzisha! Akishika kata ya maji, mama anamnyang'anya. Akitaka kwenda msikitini, na msikiti wenyewe unauona kutoka barazani, kaka anamwambia asali nyumbani. Akicheka kwa nguvu tunamwambia, "Taratibu, baba." Miezi minne akakaa kitako. Miguu ikasinyaa. Usiku halali, anausikiliza moyo wake, na kila ukidunda anaona ndiyo saa yake imefika. Mimi wakati huo nimeshasomea tiba ya viungo, na nilinyamaza kwa sababu nami niliogopa. Hilo linaniuma hadi leo.

Baba alikuwa na maradhi mawili. La mshipa lilitibiwa. La khofu tulilitia sisi.

Na tusijilaumu kupita kiasi, maana kosa letu liliwahi kuwa ndiyo elimu ya madaktari wakubwa. Hadi katikati ya karne iliyopita, huko Ulaya na Marekani, aliyepata shambulio la moyo akilazwa kitandani wiki 6 na zaidi, wengine hata kulishwa wakilishwa. Damu ikiganda miguuni, mapafu yakijaa, watu wakifa kwa kulala. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, wakaandika habari za wagonjwa 81 waliowatoa kitandani mapema wakawakalisha kwenye kiti. Kiti tu, jamani, na wenzao wakaona ni khatari kubwa. Mwaka 1955 moyo ukamshika Rais wa Marekani, Eisenhower. Daktari wake wa moyo, Paul Dudley White, alikuwa muumini wa kutembea, akamrudisha kwenye harakati hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata yule mgonjwa aligombea tena urais, akashinda.

Leo jambo hili halina ubishi. Wachambuzi wa Cochrane, jumuiya ya kimataifa inayojumlisha tafiti za tiba, walikusanya tafiti 85 zenye wagonjwa zaidi ya 23,000, wakatoa matokeo mwaka 2021: wanaofanya mazoezi yaliyopangwa baada ya maradhi ya moyo hupungukiwa na vifo vya moyo, na hupungukiwa na kurudi kulazwa. Tatizo letu ni wapi pa kuyafanyia. Mazoezi hayo kwa wenzetu yana baiskeli za kukanyaga umekaa palepale, mashine za kutembelea, na waya kifuani za kusoma mapigo. Mtu wa Micheweni au Kojani avipate wapi?

Hapa ndipo ninapoileta yoga.

Wahindi walikuwa na shida kama yetu: wagonjwa wengi, vifaa haba. Wakafanya utafiti katika hospitali 24 za India, wagonjwa 3,959 waliotoka kwenye shambulio la moyo, ukiongozwa na Dorairaj Prabhakaran kwao na Sanjay Kinra wa London. Nusu walipewa mafunzo ya kawaida. Nusu walifundishwa yoga vipindi 13 kwa miezi mitatu, kisha wakaendelea wenyewe majumbani. Matokeo yalitolewa Chicago mwaka 2018. Nitakwambieni kama yalivyo, bila kupamba. Katika vifo, mashambulio mapya na kiharusi, tofauti baina ya makundi mawili ilikuwa ndogo, haikutosha kusema yoga ndiyo iliyookoa. Waliohudhuria vipindi 10 na zaidi walionekana na nafuu kubwa, ila mwenye nguvu za kuhudhuria huenda alikuwa na hali njema tangu mwanzo, kwa hiyo mimi siliegemei sana hilo. Ninaloliegemea ni hili: kundi la yoga walijiona wazima zaidi, na walirudi zaidi kwenye shughuli walizokuwa wakizifanya kabla ya kuugua. Kwangu mimi, niliyemwona baba barazani, hilo si dogo hata kidogo.

Inafanyaje kazi? Moyo una mishipa ya fahamu ya aina mbili. Mmoja unauhimiza: ukiona nyoka, ukipata khabari mbaya, unakwenda mbio. Mwengine unautuliza. Aliyeishi na khofu miezi minne, wa kuhimiza haulali. Sasa sisi hatuna amri juu ya mapigo ya moyo, lakini juu ya pumzi tunayo. Ukitoa pumzi polepole, ule wa kutuliza unapata nafasi. Pumzi zikishuka hadi kama 6 kwa dakika, presha na mapigo huanza kupanda na kushuka kwa mpango mmoja.

Mwaka 2001, Luciano Bernardi na wenzake wa Italia walichapisha jambo ninalolipenda sana. Waliwapima watu wakisoma tasbihi ya Wakatoliki kwa Kilatini, na wakisoma maneno ya Kihindi yanayotumika kwenye yoga. Yote mawili yaliishusha pumzi kwenye hizo hizo 6 kwa dakika. Pumzi haina kabila wala dini. Na sisi Wapemba, tuliokulia chuoni tukisoma Qur'ani, nani asiyemjua msomaji anayeichukua aya ndefu kwa pumzi moja bila kuhema? Waliowahi kukaa kwenye Maulidi ya Homu Unguja wameona wanaume wamepiga magoti safu moja, miili inayumba na sauti inakwenda nayo.

Najua swali lililo vifuani mwenu: hii si ibada ya watu wengine? Ni swali la haki, wala sitalikwepa. Yoga imetoka India na ina mizizi ya dini huko. Baraza la Fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliikataa yoga inayochanganya harakati na ibada na maneno yake. Saudi Arabia mwaka 2017 iliiruhusu kufundishwa kama mchezo wa viungo. Mimi si shekhe. Ninalofundisha ni kunyoosha viungo na kupumua. Hakuna wimbo, hakuna sanamu, hakuna kusujudia jua. Mwenye shaka amuulize shekhe wake, amweleze hasa tunachofanya. Na wala sisemi sala ni yoga. Sala ni ibada, ina heshima yake.

Haya, kinachofanywa ni nini? Tunaanza kwenye kiti cha kawaida chenye mgongo, nyayo zimekanyaga chini. Mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua, tumbo liinuke. Itoe taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta. Dakika 5. Baadaye kuzungusha mabega, kuinua mkono mmoja mmoja, kusimama umeshika kiti, kujipinda kidogo. Mwisho kulala chali juu ya mkeka, macho umefumba, mwili umeuachia. Wahindi mkao huo wanauita wa maiti. Mimi siuiti hivyo mbele ya mtu aliyetoka kuponea, naita kujilaza.

Tafadhalini, yoga za kwenye simu msizifuate. Kusimama kwa kichwa, hapana. Kupumua mbio mbio kama mvukuto wa mhunzi, hapana. Kubana pumzi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu presha hupanda na kushuka ghafla. Ni khatari ileile ya kujikamua chooni, kwa hiyo mgonjwa ale mboga na matunda asifunge choo. Aliyepasuliwa kifua asubiri mfupa uunge, wiki 12 hivi: asinyanyue ndoo, asijiinue kwa kusukuma mikono, na kama kusujudu kunamuuma asali kitini. Kipimo chetu ni mazungumzo. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha. Usihesabu mapigo peke yake, maana baadhi ya dawa zenu zinayapunguza. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, moyo ukikurupuka, acha hapo hapo, kaa. Maumivu yasipoondoka, hospitali, si kesho.

Na dawa ni dawa. Ya kuzuia damu kuganda, ya mafuta, ya presha, hakuna mkao wa yoga unaoshika nafasi yake. Aliyewekewa stenti akiacha dawa kwa kuwa anajisikia vizuri, stenti inaweza kuziba. Wala mkeka haufuti sigara, wala papa mkavu wa kila siku na chumvi yake.

Baba alianza na pumzi tu, kwenye kiti kile kile cha barazani. Wiki ya tatu akasimama. Kisha siku moja adhana ya magharibi ilipoingia, alivaa kofia yake akatoka bila kumuaga mtu. Mama alikimbilia viatu amfuate. Nilimshika mkono nikamwambia muache, tumtazame kutoka hapa.

Kabla ya kuanza, daktari aseme ndiyo: moyo uliojaa maji, presha isiyoshikika, kifua kinachouma ukiwa umekaa, hao bado. Wenye karatasi zao za kuruhusiwa hospitali njooni hapa mbele tuziangalie pamoja, mmoja mmoja. Na wale wa viti vya nyuma, waacheni waje wenyewe, kwa miguu yao.