Sijui, na Matangani Naenda

(Mhadhara uliotolewa Kisumu, Jumamosi alasiri, mbele ya walimu, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mji)

Misawa. Mulembe. Hamjambo nyote, wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mkichoka.

Namshukuru msimamizi wa kikao. Kabla ya kunipa kipaza sauti ameomba mtu atufungulie kwa sala, na mzee mmoja hapa mbele ameomba vizuri sana, akaniombea hata mimi hekima. Nimewaona baadhi yenu mkifungua jicho moja kuangalia kama nimefumba yangu. Sikufumba. Lakini nilisimama na kuinamisha kichwa, na sababu yake nitaieleza mbele.

Mada niliyopewa ni ndefu, nimeifupisha hivi: mtu asiyejua kama Mungu yuko, anaishi na nini? Sikilizeni vizuri, nimesema asiyejua. Yuko anayesema Mungu hayuko, naye ana hoja zake. Huyo si mimi. Mimi nikiulizwa kama yuko, nasema sijui. Nikiulizwa kama siku moja nitajua, nasema nadhani hapana. Na mtu akiniambia yeye anajua, namheshimu, namkaribisha chai, lakini moyoni nasema anaamini, na kuamini si kujua.

Nimefundisha hisabati sekondari, kwanza Vihiga halafu hapa Kisumu, kwa hiyo mnivumilie. Georg Cantor aliacha dai kuhusu ukubwa wa seti zisizo na mwisho, yaani mikusanyo ya vitu isiyokwisha, na swali likabaki: ni kweli au si kweli? Mwaka 1940 Kurt Gödel akaonyesha kwamba kwa kanuni za kawaida za hisabati dai hilo haliwezi kukanushwa. Mwaka 1963 Paul Cohen akaonyesha kwamba kwa kanuni hizo hizo haliwezi kuthibitishwa pia. Wanahisabati hawakufunga vyuo. Hawakugombana wakavunja viti. Walikubali kwamba pale kanuni zao zimefika ukingoni, wakarudi kazini. Sisemi Mungu ni swali la seti. Nasema tu kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kuliacha swali wazi na usiku akalala.

Wala si msimamo wa juzi. Protagoras wa Ugiriki, karne ya tano kabla ya Kristo, alisema kuhusu miungu hawezi kujua kama wako au hawako, kwa kuwa jambo lenyewe ni gumu na maisha ya mwanadamu ni mafupi. Katika Rig Veda, maandiko ya kale ya Wahindu, ambao mahekalu yao mnapita mbele yake hapa mjini, kuna wimbo wa kuumbwa kwa ulimwengu unaomalizia kwa kusema kwamba yule anayetazama kutoka mbingu ya juu kabisa labda anajua ulitoka wapi, au labda hata yeye hajui. Mwingereza Thomas Henry Huxley alikuja nyuma sana, mwaka 1869, akaupa msimamo huu jina linalotumiwa vyuoni hadi leo, agnosticism. Historia ya Ulaya naiachia hapo. Ya kwetu ndiyo yenye utamu.

Maana nikizungumza hivi, jibu la kwanza huwa: hayo ni mambo ya wazungu, Mwafrika ni mtu wa dini tangu tumboni mwa mama. Profesa John Mbiti, mwana wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, aliandika hivyo mwanzoni mwa kitabu chake cha 1969, kwamba Waafrika ni watu wa dini kupita kiasi, na tangu hapo sentensi ile imekuwa kama sheria ya nchi. Lakini miaka ile ile, hapa hapa Kisumu, aliishi mshairi Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu, Uganda, akifanya kazi ya chuo kikuu ya kuwafundisha watu wazima. Ndiye aliyeandaa tamasha la sanaa la Kisumu la mwaka 1968. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu cha kumpinga Mbiti na wenzake. Alidai kwamba wamisionari, na baada yao wasomi wetu waliolelewa na wamisionari, waliwavisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki: ajuaye yote, aliye kila mahali, asiye na mwanzo wala mwisho. Kwa maoni yake wanakijiji hawakushughulika na hayo. Walishughulika na mtoto mgonjwa, na mvua iliyokataa, na mwanamke asiyeshika mimba.

Mimi sikubaliani na Okot katika kila kitu. Alikuwa na ulimi mkali, na mkali huwa anakata hata pasipohitaji kukatwa. Ila namkumbuka nyanya yangu Vihiga, aliyekuwa akitoka nje alfajiri na kutema mate kuelekea jua linapochomoza, akiutakia mji wake siku njema. Hakuna aliyemuuliza anaamini nini kuhusu umilele. Hakukuwa na fomu ya kujaza. Alikuwa na watu wa kuwatakia mema, akawatakia.

Tena eneo hili letu halijawahi kuwa kimya mbele ya kanisa. Mwanzoni mwa karne iliyopita Yohana Owalo aliachana na wamisionari akaanzisha kanisa la Nomiya. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisema nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, amemwambia watu waache dini ya wazungu. Kule Bungoma, Elijah Masinde, mchezaji mpira hodari, alisimama na Dini ya Msambwa. Serikali ya mkoloni ikaipiga marufuku mwaka 1948, na serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena baada ya uhuru. Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko wakatoka Ukatolikini na kanisa lao la Legio Maria mwanzoni mwa miaka ya 60. Jaramogi Oginga Odinga hakuwa mpinga dini, lakini alivutana na wakuu wa kanisa Maseno kwa sababu alitaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kijaluo, si ya Kizungu. Mtu akiniambia kubishana na kanisa ni tabia ya kuletwa, namuuliza yeye amezaliwa wapi.

Lakini tazameni jambo hili, ndipo penye mada yangu. Hao wote waliotoka, walitoka wakaanzisha dini nyingine. Hakuna aliyetoka akaenda kukaa nyumbani peke yake Jumapili. Kwa nini? Wengine watasema ni kwa sababu Mungu aliwaita. Sina ushahidi wa kulikataa hilo. Lakini naona na sababu nyingine: walijua kwamba mafundisho unaweza kuyaacha, ila mahali pa kukimbilia ukifiwa huwezi kupaacha bila kupata pengine.

Mimi nimelelewa katika dhehebu la Friends, yaani Quaker. Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Quaker wengi kuliko nchi yoyote duniani. Wale wa kwanza, wa Uingereza ya George Fox, mwanzilishi wao, walikuwa wakikutana na kukaa kimya bila mchungaji, wakingoja. Wetu walitoka katika tawi lililokwisha kuzoea nyimbo na mahubiri, kwa hiyo sisi tulirithi sauti. Na mimi niliipenda ile sauti. Niliimba besi. Nilipoacha kwenda, sikumkosa Mungu kwanza. Nilikosa sopra, alto na teno. Besi peke yake bafuni si muziki, ni malalamiko.

Halafu nikafiwa na ndugu yangu. Akina mama wa kanisa nililoliacha walifika kabla ya nusu ya ukoo wangu. Walikuja na sufuria, na unga, na kuni vichwani, wakachambua mboga, wakalala kwa zamu na mjane. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza naamini nini. Vijana wanaotoka kanisani kwa sababu wamesoma hoja mtandaoni, nawaambia hoja ni sehemu ndogo. Ukitoka, nani atakuja kwako na kuni?

Swali hilo ndilo limenifundisha ninachokijua kuhusu maana ya maisha. Vitabu nimesoma, na vingine ni vizuri. Lakini ukiniuliza leo kwa nini naamka, majibu yangu ni majina ya watu. Kuna chama cha mazishi cha mtaa wetu; ndani yake yumo Mkatoliki, Mwislamu, wa Legio, wa Sabato, na mimi. Tunachanga kila mwezi kwa simu. Mtu akifa, kuna orodha: nani aende mochari, nani atafute gari, nani akae na watoto wasome, kwa sababu mitihani haingoji matanga. Mimi ndiye mweka hazina. Mwenyekiti alisema wananiamini na pesa kwa kuwa siwezi kusimama nikasema Roho ameniongoza kuzitumia.

Na hapo ndipo ilipo sababu ya kuinamisha kichwa. Mzee aliyeomba alikuwa akinitakia mema kwa njia anayoijua, mbele ya watu. Kuinama ni kumpokea. Kama angenitakia mema kwa kutema mate kuelekea jua, ningegeukia jua.

Nisiwadanganye kwamba yote yamepata mahali pake. Matangani naombwa kusema machache, na kuna maneno ambayo siwezi kuyatamka. Siwezi kusema Mungu alimpenda zaidi. Siwezi kusema tutaonana asubuhi ile njema. Nasema alichokifanya marehemu: alilipia nani karo, alichimba kisima wapi, alikuwa mkali kwa nini. Kwa mzee wa miaka 80 yanatosha. Kwa mama aliyezika mtoto wa darasa la pili hayatoshi. Yeye ana ahadi ya kumwona tena mtoto wake, na mimi mfukoni sina kitu cha uzito huo. Sijifanyi ninacho. Namshika mkono, nakaa, nanyamaza.

Msinitarajie nitumie Shakahola kuwapiga waumini. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi wafe ilifukuliwa katika ule msitu wa Kilifi, na wengi wa waliokwenda kule walikuwa wakitafuta mahali pa kuwa pamoja, kama mimi na nyinyi. Ninachosema ni kidogo: kikundi chochote, kiwe na Mungu au kisiwe naye, ambacho mtu hawezi kusimama akasema sijui bila kuogopa, mimi sikai.

Kuhusu sheria, kwa ufupi. Katiba yetu ya 2010 inaanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, na kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri. Mahakamani unaweza kuthibitisha kwa dhati bila kushika kitabu chochote. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 wasio na dini, na wengine 73,253 wakaandikwa "hawajui". Nadhani wengi wa hao ni watu ambao aliyejibu mlangoni hakujua dini yao. Hata hivyo nimelipenda kundi hilo.

Tuchukue maswali.

(Msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliuliza kama amwambie mama yake kwamba haamini tena.)

Asante, binti yangu. Unakaa kwake? Anakulipia karo? Basi hakuna haraka. Kifungu cha 32 ni chako, lakini katiba haipiki chakula cha jioni. Ukiwa tayari, usimwambie siku ya Krismasi wala siku ya matanga, na usianze na hoja. Anza na yale ambayo hayatabadilika: kwamba utaendelea kumpigia simu, utarudi nyumbani, utamuuguza. Mama wengi wakisikia "siamini" wanasikia "nakuacha". Mwonyeshe kwanza kwamba humuachi. Na akikuombea, muache akuombee.

(Mzee mmoja aliuliza mwalimu mwenyewe atazikwa vipi.)

Mzee wangu, hilo nimeliandika na kulipeleka kwa wakili. Nizikwe nyumbani Vihiga, kando ya ndugu yangu. Kwaya iimbe, na iimbe sauti zote nne. Mke wangu ni muumini, na mazishi ni ya waliobaki, kwa hiyo mchungaji atapewa nafasi yake. Nimeomba jambo moja tu: asije akasema kwamba nilitubu dakika ya mwisho, kwa maana sitakuwa na nafasi ya kumjibu. Mke wangu amekubali. Mchungaji anasema bado analiombea.