Waliosimama Pamoja na Leonidas

Mabibi na mabwana,

Riwaya ya picha iitwayo 300, iliyochorwa na Frank Miller na kutiwa rangi na Lynn Varley, ilitoka Marekani mwaka 1998. Inasimulia mapigano ya Thermopylae, huko Ugiriki, ya mwaka 480 KK, pale Leonidas, mfalme wa Sparta, alipolizuia jeshi la Xerxes wa Uajemi katika njia nyembamba iliyobanwa kati ya mlima na bahari. Ni kazi ya msanii hodari: michoro imetandazwa juu ya kurasa mbili zinazotazamana, wino mweusi unazimeza nyuso, na joho jekundu la Msparta linalivuta jicho la msomaji kabla hajasoma hata neno moja.

Nguvu hiyo ndiyo inayotulazimu kuuliza mchoraji alichagua nini. Wasparta wake hupigana vifua wazi, ilhali askari wa Kigiriki alitegemea kofia ya shaba, ngao kubwa ya mviringo na mara nyingi dirii. Hayo namsamehe, kwa kuwa hata wachoraji wa vyungu wa Ugiriki ya kale walipenda kuonyesha miili. Nisiloweza kulifumbia macho ni Ephialtes, aliyewaonyesha Waajemi njia ya mlimani. Miller amemfanya Msparta mwenye ulemavu, aliyekataliwa na Leonidas. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anamtaja kuwa mtu wa Malis, mwenyeji wa eneo lile, aliyetarajia zawadi kutoka kwa mfalme Xerxes, na hasemi lolote kuhusu ulemavu. Kuugeuza mwili wa mtu kuwa alama ya usaliti ni dhuluma.

Kisha ipo hesabu iliyo katika jina la kitabu, inayowahesabu Wasparta 300 peke yao. Siku ya tatu, Leonidas alipojua kwamba amezungukwa, aliwaruhusu washirika wengi waondoke. Wanaume 700 wa mji wa Thespiae, wakiongozwa na Demophilus, walikataa kumwacha, wakafa naye juu ya kilima kidogo, ambako, kwa maelezo ya Herodotus, waliokuwa bado na visu walipigana kwa visu, na wengine kwa mikono na meno. Walikufa pia maheloti, watumwa wa Sparta, ambao Herodotus anaitaja miili yao katikati ya maiti za Wagiriki. Baadaye Waajemi waliuteketeza mji wa Thespiae.

Msparta alilelewa tangu utotoni kwa ajili ya vita, na sheria ya kwao haikumruhusu kukimbia. Mtu wa Thespiae alikuwa raia wa mji mdogo, ameruhusiwa kurudi nyumbani, naye akabaki. Kwa mtunzi wa riwaya ya picha, uso wa mtu huyo wakati anaamua una tamthilia kubwa kuliko misuli ya mashujaa wote, na ningetamani wachoraji wetu vijana waanzie hapo. Leonidas alijengewa mnara wa sanamu pale Thermopylae mwaka 1955. Watu wa Thespiae walipata wa kwao mwaka 1997.