Boksi, wembe na kipande cha DVD: kuyasoma maji ya visima vyetu

Mhadhara uliotolewa Jambiani, Unguja, mbele ya wanakamati wa visima, wakulima wa mwani na wanafunzi wa skuli

Asalaam alaykum. Mama zangu, najua mmetoka pwani na bamvua hii, na bado mmekuja. Ahsanteni sana.

Sisi tunaishi juu ya maweni. Jiwe letu ni la matumbawe, lina matundu na nyufa, na mvua ikinyesha haichelewi kufika chini. Ndiyo baraka ya visima vyetu, na ndiyo khofu yangu, maana njia inayopitisha mvua ndiyo inayopitisha yanayovuja kutoka kwenye makaro. Humo mna kemikali iitwayo naitreti. Haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa, na sababu kubwa ni watoto wachanga: maziwa ya unga yakikorogwa kwa maji yaliyozidi hapo, damu ya mtoto inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Maji yakipelekwa maabara mara moja kwa mwaka, tunajua hali ya siku ile tu. Maji ya kabla ya masika si maji ya baada ya masika. Anayeweza kupima kila wiki ni yule anayeteka kila siku.

Kifaa chenyewe cha kupimia ni hiki, spektromita, yaani kifaa cha kuchanua mwanga rangi zake. Mwaka 2010 mafuta yalipomwagika katika Ghuba ya Meksiko, wakaazi wa pwani ile walirusha tiara na maputo yenye kamera wapige picha za ufukwe wao wenyewe. Kutokana na kazi ile likazaliwa kundi la Public Lab, na mwaka 2012 wakatoa spektromita ya kujiundia kwa karatasi ngumu na kipande cha DVD. Nami nilianzia hapo.

Sogeeni muone. Hili ni boksi la viatu, ndani nimelipaka rangi nyeusi. Mbele nimebandika vipande viwili vya wembe, makali yatazamane, baina yao pabaki mwanya mwembamba kama unene wa karatasi. Nyuma kuna kipande cha DVD ya kurekodia. Nimekikata kwa mkasi, nikapenyeza ncha ya kisu pembeni, tabaka mbili zikaachana kama gamba la kitunguu. Ile zambarau iliyobaki nimeiosha kwa spiriti. Sasa ni plastiki inayopitisha mwanga, yenye mistari kama 1,350 ndani ya milimita moja. Mwanga ukipita hapo unachanuka rangi zake zote, na kamera ya simu inazipiga picha.

Picha bila vipimo ni pambo tu. Kwa hiyo tunaelekeza boksi kwenye taa ya zamani ya kubana umeme, ile ya mrija uliojisokota. Ndani yake mna mvuke wa zebaki (tafadhali msiivunje nyumbani), na zebaki hutoa mistari isiyohama: wa buluu kwenye nanomita 436, wa kijani kwenye 546. Tuseme wa kwanza umeangukia pikseli ya 110 na wa pili ya 330. Pikseli 220 zimebeba nanomita 110, yaani kila pikseli nusu nanomita. Taa za LED hazina mistari hiyo, basi mwenye taa kuukuu asiitupe.

Naitreti tumesema haina rangi, kwa hiyo kwanza tunatia dawa ya kupimia, maji yanageuka waridi. Waridi ile hunywa mwanga wa kijani, karibu na nanomita 540. Kadiri naitreti inavyozidi, kijani kinafifia. Lakini hakififii kwa hesabu ya dukani: kiasi kikipitisha nusu ya mwanga, mara mbili yake kitapitisha robo. Ndiyo maana tunatengeneza chupa za kulinganishia, zenye naitreti miligramu 0, 10, 25 na 50 kwa lita, tunazipima siku hiyo hiyo kwa boksi hilo hilo.

Hapa nina jambo linaniuma. Mwanzoni tulipima kisima kimoja asubuhi, tukarudia mchana, hesabu zikapanda sana. Watu wakaanza kunong'ona juu ya karo la jirani, mzee wa watu. Kumbe simu ilikuwa inajirekebishia mwanga yenyewe kila picha. Karo halikuhusika. Nilikwenda kumwomba radhi barazani kwake, na tangu hapo hatutaji kisima cha mtu hadharani mpaka tumepima mara tatu, simu imefungwa isijirekebishe, na maabara imethibitisha.

Na nawaomba mlishike hili: boksi halioni vijidudu. Maji yanaweza kuwa na naitreti kidogo na yakawa na kipindupindu. Kuchemsha kuendelee, ingawa kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji ya tope nayo yachujwe kwanza, maana tope huzuia mwanga, na boksi litadhani ni rangi.

Daftari nimelichora safu tano: tarehe, kisima, mvua ya siku tatu zilizopita, hesabu, na jina la aliyepima. Safu ya mvua msiiache wazi hata siku moja.

Haya, mwanangu mwenye dumu la manjano, lete maji yako. Kwanza suuza chupa hii mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, kisha ushike shingoni, usiache alama za vidole ubavuni.