Kusoma Angahewa za Sayari Kubwa za Mbali kwa Miale ya Infraredi

Ndugu wasikilizaji,

Watu wengi wanaposikia kwamba kaboni dioksidi imegunduliwa katika sayari iliyo nje ya mfumo wetu wa jua, hudhani kuwa kuna mtu aliyeitazama sayari hiyo kwa darubini akaona mawingu yake. Sivyo. Mara nyingi kinachopimwa ni nuru ya nyota inayopungua kidogo sayari inapokatiza mbele yake, na ufundi wote umo katika kuupima upungufu huo kwa kila urefu wa wimbi, yaani kwa kila rangi ya nuru, hata zile zisizoonekana kwa macho.

Tuichukue WASP-39b, iliyogunduliwa mwaka 2011, umbali wa takribani miaka nuru 700. Tungamo lake linakaribia la Zohali, ilhali kipenyo chake kinazidi cha Mshtarii, maana huizunguka nyota yake kwa karibu sana, kwa siku 4 hivi tu, na angahewa yake, yenye joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, imetanuka mno. Inapokatiza huziba zaidi kidogo ya asilimia 2 ya nuru. Hata hivyo, kwenye mawimbi ya infraredi, nuru isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa maikromita 4.3 (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), huziba zaidi ya hapo, kana kwamba imenenepa ghafla, kwa kuwa kaboni dioksidi iliyo ukingoni mwa angahewa hufyonza mawimbi hayo hasa.

Molekuli hutetema, na kila aina hufyonza miale ya infraredi kwa mpangilio wake. Kupima haya kutoka ardhini ni kazi ngumu, kwani hewa yetu nayo ina mvuke wa maji na kaboni dioksidi, tena hewa hiyo na darubini yenyewe hutoa miale ya joto. Ndiyo sababu darubini ya angani ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, iliwekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya ngao inayoikinga na jua, na kifaa chake cha MIRI, kinachopima mawimbi marefu zaidi ya infraredi, hupozwa hadi chini ya kelvini 7, yaani nyuzi 266 hivi za Selsiasi chini ya sifuri.

Mwaka 2022 Webb ilipoipima WASP-39b, pamoja na kaboni dioksidi ilionekana alama nyingine ndogo karibu na maikromita 4.05, ambayo mifano ya kikokotozi ya awali haikuitabiri. Kwangu mimi, alama hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi. Ilikuja kubainika kuwa ni ya dioksidi ya salfa, gesi ambayo haikutarajiwa kuwapo kwa wingi katika angahewa iliyojaa haidrojeni. Ilitengenezwa na nuru ya nyota yenyewe: miale ya urujuanimno (ile yenye nguvu kuliko nuru tunayoiona) huvunja molekuli za maji, vipande vyake huanzisha athari zinazoitoa salfa kutoka katika salfidi ya haidrojeni, kisha salfa hiyo huungana na oksijeni. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa wazi wa kemia inayoendeshwa na nuru katika sayari ya nyota nyingine.

Alama moja, hata hivyo, haitoshi kumridhisha mtafiti makini. Dioksidi ya salfa hufyonza pia karibu na maikromita 7.7 na 8.5, na MIRI ilipopima huko, alama zote mbili zilikuwapo. Tangu hapo watafiti wameweza kuuliza salfa yenyewe ilifikaje pale, na maelezo yanayopewa nafasi kubwa ni kwamba sayari hiyo, ilipokuwa ikikua, ilimeza magimba mengi madogo yaliyobeba salfa hiyo.