Tazameni Miguu ya Mtumiaji

Ndugu wasikilizaji, mtu akivaa miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha dunia iliyochorwa kwa kompyuta, macho yake hufunikwa kabisa, nasi humuuliza: unajiona uko wapi? Mwaka 2009 mtafiti Mel Slater alitenganisha mambo mawili: kuhisi kwamba uko mahali pale, na kuona kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli. Akili inajua ni picha, lakini mwili huitikia. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, watu walisimamishwa ukingoni mwa shimo lililochorwa kwa kompyuta, na mapigo ya moyo yakapanda.

Kwenye uhalisia mseto, ambapo vitu vya kompyuta huongezwa katika dunia halisi, swali hugeuka. Mtumiaji hajahama, anaiona sakafu aliyosimama, mikono yake na watu walio karibu. Mgeni ni kile kitu kilichoongezwa. Je, nacho kipo hapa?

Hapa naomba tukae kidogo, maana wabunifu wengi hukimbilia ung'avu wa picha. Kwangu mimi kivuli kina uzito zaidi. Kiti cha kompyuta kisicho na kivuli huonekana kinaelea, hata kingechorwa kwa ustadi gani. Ukipitisha mkono mbele yake nacho kikabaki juu ya vidole vyako, imani huvunjika papo hapo, kwa kuwa jicho limezoea tangu utotoni kwamba kilicho karibu hukificha kilicho nyuma. Halafu kuna kuchelewa. Kwenye uhalisia pepe hulengwa picha ifuate mwendo wa kichwa ndani ya takriban milisekunde 20. Kwenye miwani ya kioo angavu, ambayo mtu huiona dunia halisi kupitia kioo chake, sharti ni kali zaidi: dunia halisi haichelewi hata kidogo, kwa hiyo kiti kikichelewa huonekana kikiteleza sakafuni.

Tutaupimaje uwepo huo, yaani hisia kwamba kitu kipo kweli hapa? Dodoso lina faida yake, ila huja tukio likishapita. Ninyi mnaounda programu hizi, tazameni miguu. Mtu akikizunguka kiti ambacho angeweza kukipita katikati, ameshatujibu kabla hatujamuuliza.

Na mwenzake asiyevaa miwani je? Yeye atakatiza moja kwa moja palipo na kiti, na mtumiaji atashtuka, kisha ataanza kukitilia shaka kiti chenyewe. Uwepo wa kitu hutegemea pia wanaotuzunguka wanavyokitendea. Kwa hiyo naomba majaribio yetu yasimwache mtumiaji peke yake chumbani.